Mkaguzi wa Soketi

Jumatatu, 9 Juni 2025

Nimeamka mgongo unauma. Nalalia nusu ya godoro, maana nusu ya pili iliungua. Tangu siku ile mke wangu Nesta yuko kwao Ileje na mtoto wetu Pendo. Nyumba kimya. Baridi ya Tunduma inapita chini ya mlango inavyotaka, na hakuna wa kunikumbusha kuziba na tambara.

Niliweke wazi jambo moja, kwa kuwa hapa hakuna wa kunikatiza. Godoro sikuliunguza mimi. Nilikuwa napiga pasi shati juu ya kitanda, umeme ukakatika, nikavaa shati, nikaenda kazini. Kosa liko wapi? Umeme ndio uliorudi nyuma yangu bila taarifa! Nesta alikuwa amempeleka Pendo kliniki. Aliporudi alikuta majirani wanamwaga ndoo za maji kitandani, pale pale mtoto anapolala mchana. Hakugomba. Alisimama mlangoni, Pendo mgongoni, analia. Kisha akafunga mizigo. Nikamwambia mtoto si huyo hapo, mzima kabisa, sasa unalia nini? Mpaka leo hajanijibu.

Mchana kaka yake, shemeji Boazi, kapiga simu. Jumapili mama mkwe anakuja mwenyewe, pamoja na Nesta na Pendo. Atakaa, atatazama, atauliza. Akiridhika kuwa mtoto anaweza kulala humu bila hatari, Nesta anabaki. Asiporidhika, wanabeba vyombo vilivyosalia na ndoa imeishia hapo. Boazi akaongeza kuwa mama ana sharti moja tu, nijifunze kuchomoa pasi ukutani.

Kuchomoa pasi! Basi? Mimi Anyitike, ninayewajazia madereva wa malori fomu za kuvuka mpaka, mtu anayeaminika na nchi mbili, nipimwe kwa jambo ambalo hata mbuzi akijikwaa kwenye waya anaweza kulifanya? Ni dharau. Nitafanya kubwa kuliko hilo.

Tena kuna tatizo. Kwa desturi ya kwao mimi na mama mkwe hatukai chumba kimoja wala hatusemeshani. Yeye akiwa ndani, mimi niko nje. Siwezi kujieleza mbele yake. Atakachokisikia ni maneno ya majirani. Kwa hiyo majirani lazima wawe na la kusema.

Nimepata! Nitakuwa mkaguzi wa umeme wa nyumba nzima. Nimelala na furaha, kwenye upande wangu wa godoro.

Jumanne, 10 Juni 2025

Nimeitisha kikao uani, saa watu wanaosha vyombo ili wasikimbie. Wapangaji wote walikuwepo. Mwamvua, anayefuga kuku, mama mpole sana. Justine wa bodaboda, mwenye sabufa kubwa kuliko kitanda chake. Sabufa hiyo hazimi kamwe, umeme ukirudi inaanza kupiga yenyewe na mtaa mzima unajua. Na Sadoki.

Sadoki! Fundi cherehani, kibanda chake kiko barazani kwetu. Nesta alikuwa akinitajia jina lake kutwa. Sadoki huchomoa hata redio akienda dukani. Sadoki hivi, Sadoki vile. Mwanaume mwenyewe anatumia pasi ya mkaa, zama hizi! Asubuhi nzima anapuliza makaa, macho mekundu, jivu kwenye nyusi. Sijui Nesta aliona nini cha kusifu.

Nikatoa hotuba. Nikasema moto hauchagui. Nikasema soketi ni mdomo wa simba. Nikasema kila mtu achomoe hita, birika, redio na chaja. Nilijisikia vizuri sana. Nadhani hata sauti yangu ilibadilika.

Sadoki akanyoosha kidole. Kwa adabu, hilo ndilo linaloniudhi, ana adabu kila wakati. Akauliza pasi yangu mimi muda huu iko katika hali gani. Nikajibu imezimwa. Akauliza imechomolewa? Nikamweleza kuwa kuzima na kuchomoa ni mambo ya wataalamu, na kwamba swichi haikuwekwa ukutani kama urembo. Justine akacheka mpaka akakaa chini. Akasema bro, si ungesema tu haijachomolewa.

Mwamvua akaniokoa. Akasema tumpe hiyo kazi, jamani, mtu kapoteza godoro na mke kwa mkupuo, afanye kitu roho itulie. Wakakubali. Nimechaguliwa! Nimeandika kwa chaki mlangoni kwangu: MKAGUZI WA SOKETI. Kufika jioni mtu kachora pasi chini yake, inatoa moshi. Namjua ni nani, ana jivu kwenye nyusi.

Jumatano, 11 Juni 2025

Siku mbaya.

Asubuhi napiga pasi shati jeupe. Shati lililonyooka ndiyo kazi yangu yote. Dereva aliyetoka Dar na mzigo wa watu hampi makaratasi yake mtu mwenye makunyanzi, anaona hata mihuri itakuwa na makunyanzi. Nimemaliza mkono wa kushoto tu, umeme pwaa! Ukakatika. Nikasubiri. Nikasonya. Nikavaa hivyo hivyo na kukimbia mpakani.

Dereva mmoja Mzambia nilimsalimia vizuri kabisa, mulishani mukwai, akaitikia kwa tabasamu. Kisha akatazama mkono wa kushoto. Akatazama wa kulia. Akasema awe, mukwai, yaani hapana, akaenda kwa mshindani wangu. Ndipo nikajitazama huo mkono, nikakumbuka pasi.

Nilikimbia! Nimepita katikati ya foleni ya malori, nimeruka mfereji, muuza ndizi kanitukana Kinamwanga. Kufika nyumbani, sabufa ya Justine inaimba. Umeme umerudi. Nikasukuma mlango.

Sadoki amesimama chumbani kwangu, kashika plagi. Meza imeshakuwa ya kahawia mahali pasi ilipokuwa. Akasema aliposikia tu sabufa imeanza, moja kwa moja alichungulia dirishani kwangu. Akanipa plagi mkononi, akasema pole, akarudi kwenye cherehani yake.

Sasa niulize. Nani kamruhusu kuingia kwangu? Mkaguzi ni nani humu, mimi au yeye? Nimekaa saa nzima natetemeka kwa hasira. Baadaye nikagundua natetemeka pia kwa sababu nyingine, nikaamua kutolifikiria hilo. Jioni uani watu wote wanajua. Mwamvua ananitazama kwa huruma, na huruma ya mtu mpole inauma kuliko matusi.

Mama mkwe akifika Jumapili atasikia habari za Sadoki. Siwezi kukubali. Kesho ukaguzi unaanza rasmi, bila kuangalia sura ya mtu.

Alhamisi, 12 Juni 2025

Asubuhi nilikuwa shujaa. Niandike hilo kwanza kabla sijaandika mengine.

Watu walipotoka nikapita kuanzia koridoni. Nimechomoa chaja ya Justine. Nimechomoa sabufa yake pia, kwa raha zangu. Nimechomoa taa ya Sadoki ya cherehani, japo ilikuwa imezimwa, imechomolewa na imefungwa waya wake vizuri. Niliichomeka kwanza ndipo nikaichomoa, ili ihesabike.

Halafu mwisho wa korido nikaona kitu. Sanduku la mbao limefunikwa blanketi, waya unaingia ndani. Nikaweka kiganja. Joto! Kitu cha moto, kimefunikwa blanketi, kwenye nyumba yenye dari la mbao, na mwenyewe kaenda sokoni! Damu ilinisisimka. Hii ilikuwa hatari kubwa kuliko zote. Nikachomoa kwa mikono miwili. Nikavua na blanketi lipoe upesi. Hata dirisha la korido nililifungua. Nikaenda kazini nikipiga mluzi.

Ilikuwa mashine ya Mwamvua ya kutotolesha vifaranga.

Kaiweka koridoni kwa sababu soketi ya chumbani kwake ni mbovu. Niliporudi jioni alikuwa amepiga magoti pale. Mayai yalikuwa yameshaanza kupasuka, mengine mdomo wa kifaranga umetokeza nje kidogo, umeganda hapo. Upepo wa Juni umepiga kutwa nzima. Anayatoa moja moja, anayaweka kwenye beseni. Hakunitukana. Ningependa sana angenitukana.

Nikasema mashine haikuwa na maandishi. Nikasema mkaguzi hawezi kujua kila sanduku. Justine akanitazama, kwa mara ya kwanza hakucheka. Sadoki akaokota blanketi, akalikung'uta, akalikunja.

Baadaye Mwamvua alikuja mlangoni kwangu. Akasema Jumapili hatamwambia mkwe wangu chochote. Akasema si kwa ajili yangu. Ni kwa ajili ya Nesta, anamhurumia, na Pendo alikuwa amezoea kuja kuwatazama vifaranga.

Nimefunga mlango nimelia. Sikujua kama naweza kulia hivyo kwa ajili ya kuku.

Ijumaa, 13 Juni 2025

Nimeuacha ukaguzi. Nimefuta chaki mlangoni, picha ya pasi imekataa kufutika.

Lakini akili haijafa! Nimewaza usiku kucha. Tatizo langu ni nini hasa? Natoka nimesahau kuchomoa. Basi kutoka kwenyewe ndiko kuchomoe! Nikafunga kamba kwenye kitasa cha mlango wa chumbani, nikaipitisha kwenye mguu wa kitanda, nikaifunga kwenye waya wa pasi karibu na plagi. Ukifungua mlango, kamba inavuta, plagi inatoka. Mtu asahau anavyotaka. Mlango hausahau.

Jaribio la kwanza: plagi imechomoka yenyewe, imeanguka chini taratibu. Nilipiga makofi peke yangu. Nikawaza mama mkwe akiona hii, atamwambia Nesta mume wako ni injinia.

Jaribio la pili nikataka kuwa na shahidi. Nikamwita Justine. Nikamwambia asimame nje, akisikia neno tayari, afungue. Justine ana mikono ya kukunja pikipiki. Alivuta kabla sijasema tayari. Kamba ilikaza kwenye mguu wa kitanda. Plagi haikutoka kwenye soketi. Soketi ndiyo iliyotoka ukutani! Na plasta yake, na waya zake, na vumbi. Pasi ikaruka, ikapita karibu na sikio langu, ikavunja kioo cha Nesta cha kujitazamia.

Justine akasema noma sana, akaondoka zake.

Waya ziko nje, nyekundu na nyeusi, zinanitazama. Nikakaa kitandani nikazitazama nami. Sadoki akaja na utepe wa umeme, akazima umeme koridoni, akazifungafunga, akasema chumbani humu nisichomeke kitu mpaka fundi aje Jumatatu. Hakuna aliyemwita. Huyu mtu anaishi kwa kusubiri niharibu.

Nimening'iniza kalenda juu ya lile tundu. Inakaa upande.

Jumamosi, 14 Juni 2025

Umeme hakuna tangu alfajiri. Nimefagia, nimepiga deki, nimegeuza godoro upande wa kuungua uwe ukutani, nimelitandika shuka la maua. Ukisimama mlangoni huoni kitu. Ukikaa, unausikia ule upande ulioungua.

Mwamvua ameweka mayai mengine kwenye mashine. Sadoki ndiye aliyembebea trei kutoka sokoni. Kwa vile umeme hakuna wameizungushia chupa za maji ya moto. Nikasema nisaidie kuchemsha maji. Mwamvua akasema asante, baba Pendo, wewe kaa tu.

Jioni Nesta kapiga simu! Yeye mwenyewe, si Boazi. Sauti ndogo. Akaniuliza kama nakula. Nikasema nakula. Akauliza pasi nimeiweka wapi. Nikasema imefungiwa sandukuni, nikaenda mbio kuitia sandukuni ili isiwe uongo. Kisha nikamsikia Pendo nyuma yake anasema baba, baba, anataka simu. Akaishika, akapumua tu. Alipumua muda mrefu na mimi nikapumua.

Nesta akasema anataka kurudi. Kasema wazi hivyo. Kasema kwao anapendwa lakini nyumba yake ni hii. Ila akifumba macho anaona kile kitanda. Akasema Anyitike, nakuomba, kitu kimoja tu.

Nimeapa. Nimepiga magoti na nimeapa. Kesho nitapiga pasi shati, nitachomoa, nitaiweka sandukuni, basi. Sitabuni kitu chochote.

Jumapili, 15 Juni 2025

Asubuhi umeme upo. Niliona ni baraka.

Soketi ya chumbani imekufa, kwa hiyo pasi nimeichomeka sebuleni, nyuma ya kochi. Nikapiga shati. Likanyooka. Ningeishia hapo ningekuwa mume wa mtu mpaka sasa hivi. Lakini nikaviona vile vitambaa vya Nesta vya kufuma, vya kutandika kwenye kochi, vimejikunja. Nikasema mama mkwe asikalie makunyanzi. Nikakaa huko huko nyuma ya kochi, nikaweka kitambaa kwenye stuli, nikaanza. Umeme ukakatika.

Hapo hapo, hodi!

Walisema watafika baada ya ibada. Wamefika kabla hata kengele haijalia, eti walipata lifti nzuri kutoka Mpemba. Sauti ya mama mkwe iko mlangoni! Mtu anafanya nini? Adabu ni kutoka kabla hajaingia. Nikatoka kwa mlango wa uani nimeinama, nikakaa kwenye ndoo chini ya dirisha.

Na mambo yakaenda vizuri. Nasema kweli, vizuri ajabu! Nesta akapita uani, akanitazama shati, akatabasamu kidogo. Pendo akanirukia shingoni. Kaongezeka uzito. Ndani nasikia mama mkwe anaketi kwenye kochi, anauliza, na majirani wanaitwa mmoja mmoja. Mwamvua akasema baba Pendo amekuwa makini sana na umeme wiki hii. Hakusema uongo hata kidogo, yule mama. Sadoki akasema siku hizi kila soketi anaiangalia. Sadoki! Nilimsamehe yote. Nikamsikia mama mkwe anavuta pumzi na kumwambia Nesta afungue mizigo.

Nilifumba macho. Pendo kalala kifuani pangu. Sijawahi kupata raha kama ile.

Sabufa ya Justine ikaanza kuimba.

Watu mtaani wakashangilia, umeme umerudi! Pasi! Iko kwenye stuli, imelala kifudifudi juu ya kitambaa cha uzi, nyuma ya kochi, na mama mkwe kakaa juu ya kochi lenyewe.

Kuingia siwezi, mkwe yumo ndani. Kumtuma Nesta siwezi, nikisema tu neno pasi, imekwisha, wanafunga tena mizigo. Nikamlaza Pendo kwenye khanga, nikazunguka koridoni kwa kunyata, nikazima swichi kubwa ya nyumba. Sabufa kimya. Nikarudi kwenye ndoo yangu. Nimefanikiwa! Nikasubiri wainuke.

Sabufa ikaanza tena.

Sadoki kaona kwa jirani taa zinawaka, akaenda kuangalia, akakuta swichi imeshuka, akaipandisha. Nikanyata, nikaishusha. Nikakaa. Ikapanda. Nikaenda tena. Wakati huo nikakumbuka mayai mapya ya Mwamvua, yako pale pale hatua moja kutoka kwangu, na kila nikizima nayapoza. Mkono uligoma. Jamani, uligoma kweli. Nikauambia shuka, na ukashuka.

Nikageuka. Mwamvua amesimama koridoni. Alikuja mbio kuifunika mashine yake blanketi. Akanitazama, akautazama mkono wangu juu ya swichi. Aliinama akaikumbatia ile mashine kwa kifua, na mimi mwenyewe nikapandisha swichi.

Moshi ukatoka sebuleni.

Mama mkwe akatokea uani, amening'iniza pasi kwa waya wake, mkono umenyooka mbali na mwili. Kile kitambaa kimegandia chini, kinafuka. Tukawa tumesimama uso kwa uso, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu harusi. Hakunisemesha. Alimsemesha Pendo aliyekuwa anajifikicha macho kwenye khanga. Alisema mwambie baba yako, mjukuu wangu, kwamba angeingia tu. Angesema mama, samahani, nichomoe pasi, angechomoa, na mimi ningeinamisha uso, ikaisha. Mwambie sikuja kutazama pasi. Nimekuja kumtazama yeye.

Nesta alikuwa mlangoni. Akasema nguo za Pendo alikuwa ameshazipanga sandukuni. Kisha akaanza kuzitoa na kuzirudisha kwenye mizigo.

Wameondoka na vyombo. Wameondoka na pasi pia, mama mkwe kaibeba mwenyewe mapajani kwenye gari. Pendo alinipungia mkono kwa furaha, alidhani wanaenda dukani. Nimekaa kwenye ndoo mpaka giza limeingia. Sina neno lingine la leo.

Jumatatu, 16 Juni 2025

Naandika nikiwa mpakani, nimekaa juu ya tairi bovu, nasubiri dereva. Shati limenyooka kola mpaka kiunoni!

Maana leo nimeelewa kila kitu. Sijui kwa nini sikuliona mapema. Niliamka sina pasi, sina mke, sina hata bakuli. Nikaenda kwa Sadoki kuazima ile pasi yake ya mkaa. Kanipa hapo hapo, imeshajaa makaa. Napiga pasi, naitazama, ghafla nikasimama katikati ya chumba. Haina waya! Haina plagi! Hakuna cha kuchomoa! Umeme ukatike, urudi, ukatike, mimi yananihusu nini? Wiki nzima ya mateso, Nesta kaondoka, Mwamvua kakosa vifaranga, na dawa iko barazani inapulizwa kila asubuhi!

Nimeshamtumia Boazi ujumbe. Nimemwambia amweleze mama kuwa nyumba yangu sasa haina pasi ya umeme hata moja, sharti lake limetimia kuliko alivyotegemea, Nesta anaweza kurudi hata Jumamosi hii. Hajajibu. Nadhani kaenda kuwapa habari.

Sadoki na mashauri yake, lakini! Eti nikimaliza niitoe nje, niiweke juu ya jiwe uani mpaka makaa yafe. Jiwe! Uani! Ili mwizi aondoke nayo? Nimeipumzisha ndani kitandani, upande ule mzima wa godoro, laini, isije ikakwaruza sakafu. Nikafunga mlango vizuri na kufuli, ili safari hii asiingie mtu kujifanya mkaguzi.

Ngoja. Kuna moshi unapanda upande wa mtaa wetu. Mzito, mweusi. Naona watu wanakimbia na ndoo. Loo, binadamu hawasikii! Yote niliyowaambia Jumanne yamepita sikio moja yakatokea jingine. Leo jioni naitisha kikao kingine, na safari hii nitakuwa mkali.